Kisu Nilichomchagulia Mwaitu Ndunge

Jumapili, Tala. Baridi ya mwezi wa saba imelala juu ya mabati tangu alfajiri, na yale manyunyu ambayo si mvua wala si ukungu hayajakoma. Sikwenda kanisani. Nilivaa shati, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni, nikakaa kitandani na viatu mguuni mpaka nikasikia kwaya inaanza kule ng'ambo ya barabara. Nikavua viatu.

Nina aibu.

Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena. Kwa miaka minne blogu hii imekuwa mahali pangu pa kujisifu kidogo kidogo. Wengi mnaoisoma mlikuja kwa sababu ya visu. Mmoja aliuliza kisu gani cha kukunja kinafaa kukaa mfukoni kila siku, nikamjibu kwa aya tatu ndefu. Akaleta mwenzake, na mwenzake akaleta wengine. Mkaanza kuniita "daktari wa visu". Nilijifanya silipendi jina hilo. Nalipenda sana.

Leo naandika juu ya kisu kimoja, mama mmoja, na uongo niliousema mara tatu nikiwa na akili zangu timamu.

Kwa asiyenijua: naitwa Musyoki, nina miaka thelathini na moja, na nauza katika duka la vifaa vya ujenzi hapa sokoni. Duka ni la Mzee Swaleh, ambaye wazazi wake walitoka pwani wakahamia huku kabla mimi sijazaliwa. Tunauza misumari, kufuli, majembe, mabomba, na karibu na mlango kuna sanduku la kioo lenye visu vya mfukoni. Sanduku hilo ni langu. Hakuna aliyenikabidhi, lakini mteja akiulizia kisu, Mzee Swaleh huinua kidevu tu kuelekea upande wangu na kuendelea na shughuli zake.

Wiki tano zilizopita tulipokea katoni ya visu vipya. Vyeusi, vyepesi, ubapa usiozidi kidole cha kati, tundu la kusukuma kwa kidole gumba ili ukifungue kwa mkono mmoja, na kibanio cha kukishikiza kwenye ukingo wa mfuko. Nilikuwa nimeona picha zake kwenye simu kabla havijafika, na nilikuwa nimekwisha kuvisifu hapa. Sikuwa nimeshika hata kimoja. Niliandika kwamba kila mtu mwenye mfuko anapaswa kuwa na kisu hicho. Mliniamini. Mmoja wenu alijibu kwa alama kumi za kupiga makofi.

Sasa nieleze kidogo, ili muelewe nilichojua na nilikijua lini. Kisu cha kukunja cha aina hii kina kibati chembamba ndani ya mpini. Ukikifungua, kibati kinaruka na kusimama nyuma ya ubapa, kuuzuia usirudi. Kibati kikikaa vizuri, una kisu. Kisipokaa, umeshika mtego unaongoja vidole vyako mwenyewe.

Kwa hivyo, kama ninavyofanya siku zote, nilifungua sita vya kwanza, nikaweka vidole mbali, nikagongesha mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa kaunta. Vinne vilishika. Viwili vilijifunga.

Niliona kwa macho yangu. Nikajiambia nimevigonga vibaya. Nikavigonga mara ya pili, kwa upole mno, kama mtu anayebisha hodi akiomba wenye nyumba wasiwepo. Havikujifunga. Nikaviweka vyote pamoja kwenye sanduku, vibovu na vizima, nikavichanganya hata mimi mwenyewe nisivitambue.

Sikumwambia Mzee Swaleh. Ningemwambia, angeviondoa vyote siku ile ile, na mimi ningelazimika kuja hapa kuandika kwamba nilisifu kitu nisichokijua. Ni hilo tu. Nimetafuta sababu yenye heshima zaidi, sijaipata.

Mwaitu Ndunge alikuja siku ya soko. Huku kwetu kila mama wa umri wa mama yangu namwita mwaitu, na huyu amepita sitini: mrefu, mwembamba, na vidole ambavyo havijui kukaa bure. Anasuka vyondo, vile vikapu vya mkonge. Hata alipokuwa akingoja zamu yake pale kaunta, alikuwa na kiondo kichanga kwapani na uzi wa mkonge mkononi, anasuka huku macho yake yakitazama kwingine.

Alieleza shida yake vizuri kuliko wateja wengi. Kwa miaka mingi amekuwa akikata nyuzi kwa nusu ya wembe aliyoifunga kitambaa upande mmoja. Sasa ana wajukuu wawili wanaopekua kila mfuko wake. Alitaka kisu kidogo cha kukunja, cha kukaa kwenye mfuko wa aproni hata akienda mkutanoni, kisimkate mtu asiyetaka kukatwa.

Nilimpangia vitano juu ya kitambaa. Alivishika kimoja kimoja. Hakuangalia rangi. Alikipima kila kimoja kiganjani, akakifungua, akakisikiliza, akakifunga. Mwisho akabaki na kile cha mpini wa mbao, kinene kidogo, kigumu kufungua, kinachoshikwa na springi nzito mgongoni. Hakivutii macho. Kilikuwa kimekaa kwenye sanduku muda mrefu kwa sababu watu hupita wakitafuta vinavyong'aa.

"Hii iko na nguvu," akasema. "Nipatie hii."

Alikuwa amechagua, tena vizuri.

Ila nyuma yake alikuwa amesimama fundi mmoja wa mabomba ambaye huisoma blogu hii. Akasema, "Daktari, si umwonyeshe ile mpya uliandika?"

Nikamtoa mwaitu kisu mkononi. Si kwamba nilimwomba anirudishie. Nilikitoa kwenye vidole vyake.

"Hiyo ni ya kizamani, mwaitu," nikasema, kwa sauti ya kila aliyekuwa dukani kusikia. "Mtu wa kusuka, mkono moja imeshika kazi. Unabaki na moja ya kufungulia. Sasa angalia." Nikakifungua cheusi kwa kidole gumba, tk. Nikakifunga. Nikakifungua tena, tk. Fundi akapiga mluzi.

Mwaitu alikitazama kwa muda. "Na haiwezi kunifungia vidole?"

Aliuliza swali lenyewe. Kati ya maswali yote ambayo mtu angeweza kuuliza kuhusu kile kisu, aliuliza hilo.

"Mwaitu, mimi mwenyewe natembea na hii hii."

Wakati nasema hayo, mfukoni mwangu kulikuwa na kisu cha mpini wa mbao, cha aina ile ile niliyokuwa nimemnyang'anya. Ninacho tangu nimalize shule. Nimekatia kamba, maembe, mipira ya kumwagilia maji, na mara moja mshipi wa mtu aliyekuwa amekwama kwenye uzio. Sijawahi kutembea na kingine.

Akatabasamu, akakitia kile cheusi kwenye aproni, akaenda zake.

Siku kumi na moja baadaye, asubuhi, aliingia mwanamke wa umri wangu akiwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Akasema yeye ni Mumbua, binti ya Ndunge. Akafungua gazeti juu ya kaunta. Kisu cheusi. Kilikuwa kimeoshwa, lakini kwenye ufa wa mpini, pale ubapa unapolala, kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kilichokauka.

Alieleza kwa utulivu. Mama yake alikuwa anamalizia mdomo wa kiondo. Fundo lilikataa kuachia, akalisukuma kwa ncha ya kisu. Kisu kikajifunga. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Hospitalini walimshona, lakini mshipa unaokunja kile cha shahada ulikuwa umekatika, na daktari alimwambia huenda kisirudi kama zamani.

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, na kusema kweli nilitaka anitukane.

"Mama amenituma nikuulize vile wewe hufungua," Mumbua akasema. "Anasema ulimwambia hata wewe unatembea na kama hii. Kwa hivyo anaona kuna mahali alikosea. Anataka ajue makosa yake, ndio akipona asirudie."

Mzee Swaleh alikuwa nyuma yangu akipanga kufuli. Nikasikia kufuli zimenyamaza.

Hapo ndipo ningesema. Kila kitu kilikuwa mezani: kisu, gazeti, swali, na mwenye duka akisikiliza. Nilichofanya ni kukichukua kile kisu, nikakifungua polepole mbele ya macho yake, nikamwambia, "Pengine hakufungua mpaka mwisho. Lazima usikie tk. Wazee wengi huachia kabla ya hiyo tk."

Wazee wengi. Hilo niliongeza mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza habari za wazee.

Mumbua akaitikia kwa kichwa. Akarudia maneno yangu kama mtu anayeshika maagizo ya dawa, "mpaka asikie tk," akakifunga kisu kwenye gazeti, akaniambia asante.

Asante!

Mzee Swaleh alingoja mpaka tukabaki wawili. "Musyoki, mwanangu. Visu hivi ni vizima?"

"Ni vizima, mzee."

Huo ulikuwa wa tatu.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa mfanyakazi mwema kupindukia. Nilifika mapema, nilifuta vumbi kwenye rafu ambazo hakuna anayezitazama, niliwachekea wateja. Mzee alipokwenda kuswali adhuhuri, nilivigonga visu vilivyobaki. Tisa. Vinne vilijifunga, kimoja bila hata kugongwa, nilikibana tu kwa kiganja. Nikavirudisha, nikavifunika kwa tochi, na mtu akiviulizia nikawa nasema vimekwisha. Nilijiona nimefanya wema hapo. Nilikuwa nawalinda watu wasiovijua, na mtu mmoja niliyemjua nimemwacha kwake akijilaumu.

Jambo baya zaidi nitakaloliandika leo ni hili: nilianza kuamini. Niliirudia ile habari ya tk mara nyingi hivi kwamba siku nyingine nilimwona kabisa akilini, mama mzee asiye na subira, anaacha kufungua katikati. Nilimwona vibaya ili nijione vizuri. Upande ule wa soko ambako akina mama hupanga vyondo sikupita. Nilizunguka kwa nyuma, kwenye mitumba.

Halafu Jumatano msomaji mmoja akaniandikia hapa. Nitamwita dada wa Athi River, kwa maana anashona nguo kwenye kiwanda kimoja kule. Aliandika kwamba alifuata ushauri wangu, akakitafuta kile cheusi mpaka akakipata, akampelekea baba yake kule Kivaa, ambaye anafuga mbuzi na kila siku ana kamba ya kukata. Akamalizia kwa kuniombea baraka.

Nilikuwa nakula. Niliacha kula.

Mnaouliza lile chapisho la kusifu lilipotelea wapi, ni mimi niliyelifuta siku hiyo. Sikueleza lolote. Nililifuta, nikashusha pumzi, nikaona nimefanya jambo. Ilipita kama saa nzima ndipo nikang'amua kwamba nimefuta maneno tu, na kisu bado kiko Kivaa kwenye mkono wa baba wa mtu. Nikamwandikia yule dada: mwambie baba asikitumie, hata leo, tafadhali mpigie sasa.

Alijibu jioni. Baba yake hakuwahi kukitumia. Siku alipokipokea alikibonyeza kwenye mguu wa kiti, kikajifunga, akacheka, akakitumbukiza kwenye choo cha shimo. Hakumwambia binti yake asije akamvunja moyo.

Mfugaji wa Kivaa, kwa mguu wa kiti, kwa muda wa kumeza mate, alijua. Na hakuogopa kujua. Mimi nilijua pia, wiki nzima kabla yake, na nikapanga tochi juu.

Nilimwambia Mzee Swaleh Ijumaa, kabla hajaenda msikitini. Nilimwambia yote: katoni, vile viwili, mwaitu, swali lake, Mumbua. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikwenda kwenye sanduku la kioo, akaondoa tochi, akatoa visu tisa, akavipeleka nyuma ya duka. Huko alivibana kimoja kimoja kwenye jiliwa na kuvunja ubapa wa kila kimoja kwa nyundo. Ana miaka sabini. Nilitaka kumsaidia akanionyesha kwa mkono nikae mbali.

"Nilipokuuliza, ukasema ni vizima," akasema bila kunitazama. "Yule binti alikuwa bado hajafika mbali. Ningemkimbilia. Ulinifanya na mimi nimdanganye, kwa kunyamaza kwangu."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Katika hesabu zangu zote za nani nimemkosea, yeye sikumweka.

Nikamwambia niko tayari kuacha kazi. Hapo akaweka nyundo chini.

"Unataka nikufukuze upate kupumzika? La. Nenda kwa yule mama kwanza. Habari za hospitali nitakwenda kuzungumza naye mimi, hizo ni za duka. Zako ni za mdomo wako, mwanangu. Zipeleke mwenyewe."

Nilikwenda jana. Kwake ni upande wa Kangundo. Boda hukuacha barabarani, kisha unashuka kwa miguu katikati ya mashamba ya kahawa. Nilimwomba mwenye boda anishushe mapema kuliko ilivyohitajika. Nilisema nanyoosha miguu. Njia nzima nilikuwa natengeneza maneno. Yalikuwa mengi na yalianzia mbali, kwenye viwanda na jinsi bidhaa za siku hizi zinavyotengenezwa.

Mwaitu alikuwa ameketi kwenye kigoda barazani. Mkono wa kulia ulikuwa na bendeji mpaka kifundoni, ameulaza juu ya paja. Kiondo kilikuwa kimebanwa katikati ya magoti, na alikuwa akijaribu kuvuta uzi kwa mkono wa kushoto na meno.

Aliponiona alifurahi. Ningeweza kuvumilia chochote kingine.

"Mumbua, weka chai! Ni yule kijana wa duka!" Na kabla sijakaa: "Kijana yangu, unisamehe. Ulinipatia kitu mzuri, mimi nikaenda kuitumia kama mtu hajawahi kuona kisu."

Yale maneno yangu ya njiani yote yakanitoka.

"Mwaitu, si wewe. Kisu kilikuwa kibovu. Nilijua."

Aliinamisha kichwa upande mmoja. "Nini?"

"Nilijua kabla ya kukuuzia. Zingine zilijifunga nikizijaribu. Nikanyamaza."

Mumbua alikuwa ametokea mlangoni na sufuria mkononi. Akasimama pale pale.

Mwaitu alitoa uzi mdomoni. Aliuliza taratibu, akiacha nafasi baada ya kila swali.

"Siku ile nilikuuliza kama itanifungia vidole. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na huyu akikuja hapo kwa duka?"

"Nilikuwa najua."

"Wewe hutembea na gani?"

Nikatoa kisu changu mfukoni, nikakiweka sakafuni mbele yake. Alikitazama bila kukigusa. Aliutazama ule mpini wa mbao mpaka nikatamani aseme lolote, hata anifukuze. Nilidhani atazungumza juu ya vidole vyake. Hakuvitaja.

"Kumbe macho yangu yalikuwa sawa," akasema.

Akamgeukia binti yake, akamwambia tena kwa Kikamba, sauti ikipanda: macho yangu yalikuwa sawa. Kisha akanirudia mimi. "Wiki tatu nakaa hapa nikijiambia nimezeeka. Kitu kidogo ya kufungua na kufunga imenishinda. Hata sindano nimeogopa kushika. Nikichagua nyanya sokoni najiuliza kama nimechagua mbaya."

Nilifika pale nikidhani najua nilichomharibia.

Mumbua ndiye aliyesema. "Mimi nilirudi hapa nikamfundisha hiyo tk yako. Nilimkalisha hapo akafungua na kufunga na mkono wa kushoto, mara nyingi, nikimkemea kama mtoto wa shule. Mama yangu." Akaingia ndani. Chai haikuja, na ilikuwa haki isije.

Nilisema nisamehe, mwaitu. Nililisikia neno lenyewe likitoka, jinsi lilivyo jepesi.

"Sijui," akasema. "Siwezi kukudanganya. Saa hii nikikuangalia naona kidole tu." Akakiweka kando kiondo. "Mimi ndio hufundisha kikundi yetu kumalizia mdomo. Miaka mingi. Niliwaambia nilikosea kushika kisu, wakacheka, hata mimi nikacheka na wao. Lakini kazi ya kumalizia wamepatia mtu mwingine. Wanasema nipumzike. Jumanne tunakutana kwa hiyo kanisa ya barabarani, Tala. Kuja useme. Usiniambie mimi, mimi nimesikia. Ambia wao."

Nikamwambia nitakuja.

Nilikuwa nimefika kwenye njia ya mashamba ya kahawa aliponiita jina, mara ya kwanza. "Musyoki! Na usiongee mingi. Wewe unajua kuongea sana."

Kwa hivyo ndiyo hali yangu leo.

Asubuhi hii nimelirudisha lile chapisho nililofuta. Sijagusa hata neno moja la kujisifu. Liko vile vile, pamoja na makofi yenu. Nimeweka tu juu yake kwamba kisu hicho kimemkata mama wa watu na kwamba niliyewahimiza mkinunue nilikuwa sijakishika. Ukiwa nacho, usikitumie tena hata kwa kumenya chungwa. Kirudishe ulikonunua, ueleze kwa nini. Kisu chochote cha kukunja, kabla hujakiamini, kifungue, ondoa vidole, gonga mgongo wake kwenye mti au ukuta. Utajua hapo hapo. Ukishajua, sema. Na tafadhali msiniite daktari.

Kwaya imenyamaza. Nasikia watu wanatoka, wanasalimiana, wanacheka kwa sababu ya baridi. Baadhi ya sauti hizo ni za akina mama wa kile kikundi, na bado hawajui.

Nimejaribu kuandika nitakachosema Jumanne. Mara ya kwanza nilianza na "Mnajua visu vya siku hizi". Nikafuta. Mara ya pili nilianza na "Kwa bahati mbaya". Nimelitazama hilo muda mrefu kuliko lile la kwanza. Hakukuwa na bahati yoyote. Nikafuta. Mara ya tatu niliona nimeandika kuhusu machozi yangu, nikashangaa, maana sikulia.

Mara ya nne imebaki hivi: "Huyu mama hakukosea. Alichagua vizuri, mimi nikamdanganya. Nilijua."

Imetosha mstari mmoja na nusu wa daftari. Nimeisoma kwa sauti hapa chumbani na kila mara nafika mwisho nikitaka kuongeza kitu. Keshokutwa nitasimama mbele yao niiseme, kisha ninyamaze. Sijui kama mtu ataniambia keti.